Uji wa Kamioneti ya Papa

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, taa nyekundu ya oili ilipowaka katika kamioneti ya Papa, baba yetu, na kukataa kuzimika. Saa hiyo nina hakika nayo. Redio ya jirani ilikuwa imemaliza habari na kuanza nyimbo za kusifu chama, na nyimbo hizo hazikuwahi kuchelewa hata siku moja.

Hadi leo, nikipita karibu na gereji na kunusa oili iliyozeeka ikichanganyika na mazutu, yaani dizeli, pua yangu inaniletea kwanza harufu nyingine, ile ya mafuta ya mbarika. Harufu hizo mbili zilikaa pamoja nyumbani kwetu Kalemie kwa juma moja tu, katika likizo ya mwezi wa nane, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nitawasimulieni kwa utaratibu, maana ndugu zangu wanakisimulia kisa hiki ovyo ovyo, kila mmoja akijipa sehemu isiyokuwa yake.

Kamioneti, gari dogo la mizigo, ilikuwa na mlango mmoja wa buluu na mwingine wa kijani. Papa aliitumia kuchukua mihogo na mahindi kutoka vijiji vya barabara ya Nyunzu. Kuhusu oili alikuwa na desturi yake: aliongeza bila kumwaga. Oili ikipungua anatia nusu lita, na kwa hesabu yake injini iliyotiwa nusu lita mara nyingi ilikuwa na oili mpya tupu. Kwa hesabu ya watu wengine, haikuwa imefanyiwa vidanje, yaani kumwagwa oili ya zamani na kutiwa mpya, tangu mdogo wangu wa mwisho aanze kutembea. Asubuhi ile Papa alichomoa kijiti cha kupimia. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kizito, kikaning'inia kwenye ncha kama sombe, mboga ya majani ya mihogo, ya siku ya tatu.

Juma jingine angeiacha taa iwake. Taa nyingine mbili za kamioneti hiyo alikwisha kuzifunika kwa plasta ya kidonda, na safari ziliendelea. Lakini Jumamosi ya juma lile alitakiwa kumpeleka Nkambo huko Niemba.

Nkambo alikuwa mama yake Mama. Alifika Jumapili kutoka upande wa Moba, na kabegi kamoja na kuku wawili, kwa ajili ya mahari ya mjomba wetu aliyekuwa anaoa Niemba. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kumwomba Papa kitu chochote, na hilo halikuwa jambo zuri. Maana yake alikuwa hajaamini kwamba Papa ana kitu cha kuombwa. Sasa ukoo mzima wa Mama ulikuwa umekubali kupanda kamioneti ya mkwe. Nkambo alisema amekubali pia, ila aliuliza, bila kumwuliza mtu maalumu, treni ya Jumamosi inaondoka saa ngapi.

Na hapa inabidi nieleze jambo moja kwa wasomaji vijana. Nyumbani kwetu mwanamume hakusema na mama mkwe wake uso kwa uso. Hawakula pamoja, hawakupishana mlangoni, hawakutazamana. Maneno yao yalipita kwa mtu wa tatu, na mtu huyo nilikuwa mimi, mtoto wa kwanza. Nkambo alilala katika nyumba ndogo ya jikoni, nyuma ya ua wa matete. Papa alitengenezea kamioneti yake upande wa pili wa ua huohuo. Katikati palikuwa na pengo la kupita mtu mmoja, na juma lile karibu lote nililipitisha nimesimama katika pengo hilo.

Mama alinifundisha kazi. "Ngoie, maneno ya wakwe hauyapeleki namna unayapewa. Unatoa kwanza miiba, sawa samaki ya mutoto." Niliichukua amri hiyo kwa uzito wote.

Jumanne Papa alinipeleka sokoni, kwenye kibanda cha Papa Saidi, aliyeuza vipuri vilivyokuja kwa mashua kutoka Kigoma. Papa alisoma Kifaransa kwa shida na Papa Saidi hakukisoma kabisa, lakini mimi nilikuwa wa kwanza darasani, na makopo yote yalikuwa na maandishi. Nilipewa kiti. Sikuwahi kupewa kiti mahali pa wanaume.

Kwanza nilisoma kopo dogo la dawa ya kusafishia injini. Liliagiza kwamba dawa itiwe katika oili ya zamani ikiwa moto, injini ingurume polepole kwa dakika kumi, kisha kila kitu kimwagwe na filta ibadilishwe. Halikusema oili gani itiwe baadaye wala filta gani. Hapo tulilazimika kuchagua wenyewe.

Oili zilikuwa za aina tatu. Kulikuwa na namba ishirini, nyepesi, ya pipa, iliyouzwa kwa chupa za bia. Kulikuwa na namba arobaini, ya madumu. Na juu kabisa ya rafu yalipangwa makopo yaliyofungwa ya namba hamsini, nzito kama asali, kila kopo likiwa na picha ya simba. Filta zilikuwa mbili. Moja iliuzwa katika sanduku lake, nzito, imechapwa namba ubavuni. Nyingine haikuwa na sanduku wala namba, ilipakwa rangi ya machungwa, na ukiigonga ilitoa sauti ya debe. Nilichungulia ndani ya zote mbili kwa kijiti cha kiberiti na kuhesabu mikunjo ya karatasi. Ile nzito ilikuwa na mikunjo hamsini na minne. Ile nyepesi, thelathini na mmoja.

"Binti yako anahesabu kama mtu wa forodha," alisema Papa Saidi.

"Anasoma," alijibu Papa.

"Naona. Basi aseme yeye."

Papa akanigeukia. "Ngoie, unasema nini?"

Nikaonyesha filta nzito na makopo ya simba. Hoja yangu ilikuwa wazi: mgonjwa mkubwa apewe kitu kikubwa. Papa Saidi akasema mtoto huyu ana akili, na sasa natambua kwamba angesema hivyo kwa yeyote aliyenyoosha kidole kwenye rafu ya juu. Papa alitoa pesa bila kuzihesabu mara ya pili, jambo lililonitisha kidogo.

Tulirudi nyumbani tukakuta na sisi tuna zamu yetu. Kila mwisho wa likizo Nkambo aliwasafisha wajukuu wake matumbo, popote walipokuwa, ili waanze masomo wakiwa safi ndani. Alitupanga kwa urefu na kumpa kila mmoja kijiko cha mafuta ya mbarika, akikandamiza pua kwa vidole viwili hadi koo litii. Tulikuwa watoto wanne na choo kimoja. Sitaeleza zaidi. Jioni tulipewa uji wa mtama, mwepesi hata tuliona chini ya kikombe, na kesho yake uji tena. Ndani ya nyumba Mama alikuwa amekaanga mikebuka, samaki wa ziwani, na kusonga bukari, ugali wetu, nasi tukanusa tu.

Jumatano saa tisa alasiri Papa aliwasha injini na kumimina dawa. Nilishika saa yake ya mkononi na kuhesabu dakika kumi. Moshi ulitoka mweusi, kisha wa kijivu, na harufu ile niliyoitaja ikajaza kiwanja chote. Upande wa pili wa ua, Nkambo alikuwa anamenya karanga.

"Baba yako anafanya nini?" aliniuliza.

"Anasafisha tumbo ya moteri, Nkambo."

"Kwa dawa?"

"Kwa dawa."

"Itahara?"

"Itahara yote. Kiisha Papa ataipa oili ya simba na filta ya mikunjo hamsini na mine. Njo mimi, mimi mwenyewe, nilichagua."

Nkambo aliacha karanga. "Mwambie mume wa mama yako hivi. Muntu aliyekunywa mbarika halishwi nyama ya mbuzi siku ileile. Tumbo yake ingali inatoa. Aipe kwanza uji, mwepesi, ikokote mabaki. Uji umwagike nao. Kiisha njo aipe chakula. Na mutoto anayehara hatumuvalishe nguo ya misa. Hiyo filta yenu ya mikunjo mingi aiweke kando kwanza, atafute ya ovyo. Nenda."

Kutoka Nkambo hadi kwa Papa zilikuwa hatua sita. Katika hatua hizo sita nilitafuta miiba. Niliipata kila mahali. Mwanamke wa mbarika anamfundisha dereva kazi yake. Anaiita filta niliyoichagua nguo ya misa. Nilipoitoa miiba yote, samaki alikuwa amebaki mdogo sana.

"Papa," nikasema, "Nkambo anasema Mungu akusaidie kazi."

Papa alikuwa amelala chini ya kamioneti, na miguu tu ilionekana. Mguu mmoja ulijikuna kwa mwingine. "Mwambie asante," ilisema.

Nikarudi hatua sita. "Papa anasema asante."

"Ni ile tu amesema?"

"Ni ile tu."

"Haya," alisema Nkambo, akarudia karanga zake.

Papa alifunga filta nzito na kutia lita sita za namba hamsini. Alhamisi asubuhi alinichukua hadi daraja la Lukuga na kurudi. Injini iliimba. Taa ilizimika kama vile haikuwahi kuwepo. Papa aliendesha kiwiko kikiwa nje ya dirisha, akasalimia watu tusiowafahamu. Tulipofika nyumbani alisema kwa sauti kubwa, karibu na ua: "Ngoie, mwambie mama kwamba moteri imekula mbuzi muzima na haijalalamika."

Nilitoa miiba. Nilimwambia Nkambo kwamba Papa anamtakia mchana mwema.

Ijumaa alifanya safari mbili za mahindi, za karibu. Saa nane mchana alirudi polepole, kiwiko kikiwa ndani. Alisimamisha kamioneti, akashuka, akafunga mlango wa kijani kwa upole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Taa ilikuwa imewaka tena.

Alifungua filta ya mikunjo hamsini na minne na kuipasua kwa msumeno wa chuma. Hapakuwa tena na mikunjo ya kuhesabu. Ndani kulijaa masizi mazito, kama machicha ya kahawa yaliyokandwa na mafuta, na oili ya simba ya siku mbili ilikuwa nyeusi kama ile ya miaka miwili. Dawa ilikuwa imebandua uchafu wote wa zamani, na uchafu uliobaki ndani ulikuwa umekuja kukaa katika vitu vyetu vizuri. Papa aliketi juu ya gurudumu la akiba. Mahari ilikuwa kesho. Pesa ilikuwa imekwisha Jumanne. Nyuma ya ua, Nkambo alikuwa anamwuliza Mama, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kama kituo cha treni kiko mbali kwa miguu.

Papa akaweka mikono magotini. Sikuwahi kumwona ameketi bila kazi mchana. Nikasema: "Papa, kuna maneno sikukuletea."

Nikayasema yote, mbarika, mbuzi, uji, nguo ya misa, bila kutoa hata mwiba mmoja. Nilingojea kofi. Papa alisikiliza akitazama filta iliyopasuliwa.

"Nenda simama mahali pako," akasema.

Nikaenda kusimama katika pengo la ua. Kushoto kwangu Papa, juu ya gurudumu. Kulia kwangu Nkambo, juu ya kigoda. Kati yao hapakuwa na mita nne. Kila neno lilisikika pande zote mbili, na kila mmoja alingoja nilirudie.

"Mwambie mama: namusalimia," alianza Papa.

"Nkambo, Papa anakusalimia."

"Mwambie nimeitika. Muulize mugonjwa wake anaendelea namna gani," alijibu Nkambo.

"Papa, Nkambo anauliza mgonjwa anaendelea namna gani."

Papa alikohoa. "Mwambie taa imewaka."

"Nkambo, taa imewaka."

"Muulize aliilisha nini kiisha dawa."

"Papa, uliilisha nini?"

"Anajua," alisema Papa.

"Nkambo, Papa anasema unajua."

"Najua. Nataka aseme."

Papa alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Mwambie niliilisha mbuzi."

"Nkambo, aliilisha mbuzi."

"Eee," alisema Nkambo, na nikaona mabega yake yanatikisika. "Sasa muulize kama maneno yangu ya Jumatano yalimufikia."

Niligeuka kushoto kuuliza. Papa alikuwa ananitazama. Niligeuka kulia, na Nkambo alikuwa ananitazama. Mama alitoka jikoni na mwiko, na yeye akanitazama. Kuku walikuwepo pia.

"Mwambie," alisema Papa hatimaye, "yamefika leo."

"Leo si mbaya," alisema Nkambo, hakungoja nirudie. Kisha alifungua fundo la pembe ya kitenge chake, akatoa noti zilizokunjwa ndogo kama punje za mahindi, akazihesabu mara moja. "Mupelekee. Ilikuwa ya tiketi. Anunue uji na filta ya ovyo, mbili. Uji ufanye kazi saa moja, aumwage. Kiisha aipe chakula cha kweli, lakini bukari isikuwe nguvu. Ile moteri ni muzee."

Mkwe hakatai kitu alichopewa na mama mkwe. Papa alipokea pesa kwa mikono miwili, kutoka mikononi mwangu, akiwa ameinamisha kichwa kuelekea kwenye matete.

Papa Saidi alitushangaa. "Makopo yale mmeyanywa?"

"Tunataka uji," nilisema kabla Papa hajanizuia.

Ilibidi aelezewe, akacheka hadi akafuta macho. Alipima oili ya pipa, chupa kwa chupa, akatoa filta mbili za rangi ya machungwa na lita sita za namba arobaini. "Mwambieni bibi huyo," alisema, "kama anatafuta kazi, kibanda hiki kina nafasi."

Hatukumwambia.

Jioni ile injini ilinguruma saa nzima na namba ishirini, Papa akizunguka nayo polepole mtaani kwetu bila abiria, mimi nikiangalia taa. Uji ulipomwagwa, ulitoka mweusi. Papa alichovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akaguna. Akafunga filta ya pili, akatia namba arobaini, na taa ikazimika.

Jumamosi tuliondoka na watu kumi na watatu, mbuzi watano na kitanda. Nkambo hakuweza kukaa mbele na mkwe wake, kwa hiyo alikaa nyuma juu ya kiti cha jikoni, ameipa kabina mgongo, na alisafiri hadi Niemba akitazama mahali tulipotoka. Mimi nilikaa mbele, dirishani. Kila baada ya kilometa kadhaa alipiga bati kwa ngumi, na mimi nikatoa kichwa.

"Mwambie anakimbiza."

"Papa, Nkambo anasema unakimbiza."

"Mwambie ni arobaini kwa saa."

"Nkambo, ni arobaini kwa saa."

"Njo ninasema. Anakimbiza."

Taa haikuwaka, kwenda wala kurudi. Mahari ilipokelewa. Huko Niemba, mtu alipomwuliza Nkambo alisafiri na nini, alijibu "kwa gari ya mkwe wangu", na Papa, aliyekuwa nyuma ya nyumba na wanaume wengine, akaomba maneno hayo yarudiwe mara ya pili, eti hakusikia vizuri.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeanza kujifunza mwenyewe mambo ya injini kwa vitabu vilivyotumika, nilikuta ukurasa unaoeleza jinsi ya kusafisha injini yenye uchafu mwingi. Uliagiza oili nyepesi na filta ya bei rahisi kwa muda mfupi, vyote vitupwe, ndipo oili inayofaa umri wa injini itiwe. Niliusoma nikiwa nimesimama. Kitu pekee kilichokosekana hapo ni karanga.

Lakini si hilo nililochelewa kulielewa. Kwa miaka ishirini na zaidi niliamini kwamba mimi ndiye niliyeharibu filta ile, kwa adabu yangu. Siku moja nilimwomba Papa msamaha. Alikuwa amezeeka, ameketi kibarazani na redio magotini. Aliipunguza sauti, akanitazama kwa huruma.

"Ngoie," alisema, "ule ua ulikuwa wa matete."

Sikuelewa mara moja. Alizima redio.

"Nilimusikia Jumatano. Kila neno. Lakini maneno ya mukwe yasiyoletwa hayajasemwa, na wewe uliniletea mengine, mazuri. Ningefanya nini? Nikubali mbarika inifundishe moteri?"

"Na Nkambo?"

"Alijua nimesikia. Ndiyo maana hakurudia."

Ndipo nikaelewa pengo lile lilikuwa la nini. Hawakunihitaji kufikisha maneno. Walinihitaji ili kila mmoja asikie jambo mara mbili kabla ya kukasirika, na ili likiharibika pawe na mahali pa kulaza lawama. Papa alinyamaza kwa kiburi, Nkambo alinyamaza ili aone atafika wapi, na mimi nilinyamaza kwa heshima. Filta nzuri, kwa pesa ya siku zile, ilikuwa zaire mia nne na themanini, na lita sita za oili ya simba zaire mia sita na sitini. Hasara yote ni zaire elfu moja mia moja na arobaini. Zamani niliibeba peke yangu. Siku hizi naigawa kwa tatu, na sehemu yangu ni zaire mia tatu na themanini.